Maana Nne za "Haisomi": Ufafanuzi wa Matatizo ya Utambuzi wa Maunzi Wakati wa Kusakinisha Linux katika Mazingira ya Kata ya Ilembo, Manispaa ya Mpanda

Ikisiri

Makala haya yanafafanua matatizo ya utambuzi wa maunzi yanayojitokeza wakati wa kusakinisha mfumo endeshi wa Linux, kwa kuzingatia mazingira ya Kata ya Ilembo, Manispaa ya Mpanda, Mkoa wa Katavi. Hoja kuu ni kwamba neno "haisomi", linalotumiwa na mafundi kuelezea kifaa chochote kisichofanya kazi, linaficha hitilafu nne zilizo tofauti: kifaa kutoonekana, kifaa kukosa kiendeshi, kiendeshi kukosa fimuwea, na kifaa kilichokamilika kuwa kimefungwa. Kila hitilafu ina dalili yake na tiba yake. Makala yanaeleza hatua za utambuzi, yanachambua hitilafu hizo kwa mifano ya vifaa halisi, kisha yanapendekeza utaratibu wa uchunguzi unaoweza kufuatwa mahali ambapo intaneti ni ya kununua kwa kipimo na kipuri kiko mbali.

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya mafundi kompyuta nchini Tanzania, kitenzi "kusoma" kimebeba mzigo mkubwa. Husemwa kwamba kompyuta haisomi flashi, haisomi diski, haisomi Wi-Fi, haisomi printa. Mteja hulipokea neno hilo kama hukumu, na mara nyingi hukumu hiyo huishia katika uamuzi wa kununua kifaa kingine au kuiweka kompyuta stoo. Hata hivyo, kitaalamu neno hilo halijasema lolote kuhusu chanzo cha tatizo. Ni sawa na mgonjwa kusema kwamba anaumwa: kauli ni ya kweli, lakini dawa haiwezi kuandikwa kwa kauli hiyo peke yake.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa Ilembo. Kata hii ni miongoni mwa kata za Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Mji wa Mpanda uko mwisho wa tawi la reli linalotoka Kaliua, lenye urefu wa takriban km 210, lililojengwa wakati wa utawala wa Waingereza kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Kwa fundi aliyeko Dar es Salaam, kadi ya Wi-Fi ya USB ni jambo la kushuka Kariakoo na kurudi siku hiyohiyo. Kwa fundi aliyeko Ilembo, kifaa hichohicho mara nyingi ni jambo la kuagiza, kulipia usafirishaji na kusubiri. Utambuzi wenye makosa unapotokea, gharama yake huongezeka kwa kadiri ya umbali.

Sababu ya pili ni ya wakati. Kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, ambayo ndiyo mrithi wake, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakato kilichomo katika orodha inayoacha nje kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017. Kompyuta za mtumba, ambazo ndizo zinazomudika kwa shule, vituo vya kuchapia na ofisi ndogo, kwa kiasi kikubwa ni za umri huo. Kusakinisha Linux ni mojawapo ya njia za kuzirefushia maisha bila kuziacha wazi kwa mashambulizi. Njia hiyo hukatika pale kisakinishi kinapodai kwamba hakioni diski au hakioni kadi ya mtandao, na fundi aliyezoea kupiga Windows akaamua kwamba Linux haifai au kompyuta imekufa.

1.1 Ufafanuzi wa Istilahi

Katika makala haya, maunzi ni sehemu za kompyuta zinazoshikika. Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, yaani programu inayosimamia maunzi na kugawa rasilimali zake kwa programu nyingine. Kiendeshi, ambacho mafundi hukiita draiva, ni sehemu ya programu inayoiwezesha kerneli kuzungumza na aina fulani ya kifaa. Fimuwea ni programu inayoendeshwa ndani ya kifaa chenyewe. Vifaa vingine huihifadhi katika chipu yao, na vingine huipokea upya kutoka kwa kerneli kila vinapowashwa. Kisakinishi ni programu inayoupeleka mfumo endeshi kutoka kwenye flashi hadi kwenye diski ya kompyuta.

Tofauti kati ya kiendeshi na fimuwea ndiyo inayochanganywa zaidi. Kiendeshi hukaa upande wa kompyuta na hutekelezwa na kichakato chake kikuu. Fimuwea hukaa upande wa kifaa na hutekelezwa na chipu ya kifaa. Kuwapo kwa kimoja hakuthibitishi kuwapo kwa kingine, na uelewa wa jambo hilo ndio nguzo ya sehemu zinazofuata.

Suala la istilahi si la mapambo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba programu huria zinaweza kuzungumza Kiswahili katika menyu na vidirisha vyake. Ujumbe wa kerneli, hata hivyo, umebaki katika Kiingereza katika mifumo yote ya Linux. Fundi anayefanya kazi kwa Kiswahili hulazimika kuutafsiri mwenyewe, na kama lugha yake ya kazi ina neno moja tu la kulipokelea kila kosa, tofauti zilizomo katika ujumbe huo hupotea njiani.

2.0 Hatua za Utambuzi wa Kifaa katika Linux

Utambuzi wa kifaa si tendo moja bali ni mlolongo wa hatua nne zinazotegemeana. Hatua ya kwanza ni ya kuonekana. Kompyuta inapowashwa, kerneli hupitia njia za mawasiliano za ndani, hususan PCI na USB, na kuuliza kila nafasi kama kuna kifaa. Kifaa kilicho hai hujibu kwa kutoa namba mbili: namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa. Namba hizo huandikwa kwa mfumo wa tarakimu kumi na sita. Intel inatumia namba 8086, Realtek 10ec na Broadcom 14e4. Jambo la kusisitiza ni kwamba jibu hili hutolewa hata kama hakuna kiendeshi chochote. Kifaa hujitaja jina kabla hakijapata wa kukihudumia.

Hatua ya pili ni ya kupatiwa kiendeshi. Kila kiendeshi cha Linux hubeba orodha ya namba za vifaa kinavyoweza kuvihudumia. Huduma inayoitwa udev hupokea taarifa kwamba kifaa kimeonekana, na kwa kutumia programu ya modprobe hulinganisha namba zake na orodha hizo. Namba zikilingana, kiendeshi hupakiwa katika kerneli na kukabidhiwa kifaa. Zisipolingana, hakuna kinachotokea. Na mara nyingi hakuna hata ujumbe wa kosa, kwa kuwa kwa upande wa kerneli hakuna kilichoshindikana.

Hatua ya tatu ni ya fimuwea. Kiendeshi cha kifaa kinachohitaji fimuwea huiomba kerneli faili lenye jina mahsusi. Kerneli hulitafuta katika saraka ya /lib/firmware na, likipatikana, hulipeleka ndani ya kifaa. Lisipopatikana, ujumbe huandikwa ukitaja jina kamili la faili na kosa namba -2, ambayo katika Linux ina maana kwamba faili au saraka inayotafutwa haipo.

Hatua ya nne ni ya kuruhusiwa kufanya kazi. Kifaa kilichopita hatua zote tatu kinaweza bado kuwa kimefungwa kwa swichi ya pembeni ya kompyuta, kwa kitufe cha kibodi au kwa mpangilio wa BIOS. Hapa hakuna upungufu wa programu. Kuna mlango uliofungwa.

Mlolongo huu unaonyesha kwa nini neno "haisomi" halitoshi. Kifaa kilichokwama katika hatua ya kwanza na kilichokwama katika hatua ya tatu huonekana sawa kwa mtumiaji, kwa kuwa vyote havipo kwenye skrini. Hata hivyo, cha kwanza kinahitaji bisibisi au mabadiliko ya BIOS, na cha tatu kinahitaji faili ambalo huenda lina ukubwa wa makumi machache tu ya KB.

3.0 Uchambuzi wa Maana Nne

3.1 Kifaa Hakionekani

Hitilafu ya aina hii huthibitishwa pale orodha ya vifaa vya PCI, inayopatikana kwa amri ya lspci, au ile ya USB, inayopatikana kwa amri ya lsusb, haikitaji kifaa kabisa. Kwa kuwa kuonekana hakutegemei kiendeshi, kutokuwamo katika orodha kunaelekeza kwenye mambo ya umeme na muunganiko: kadi iliyolegea, kebo ya SATA isiyokaa sawa, vumbi katika viunganishi, au kifaa kilichozimwa ndani ya BIOS. Kwa diski, kipimo cha haraka zaidi ni kuingia BIOS yenyewe. Diski isiyoonekana huko haitaonekana na kisakinishi chochote, kiwe cha Linux au cha Windows, na kubadilisha toleo la Linux hakutasaidia.

Kuna hali moja inayovunja kanuni hii na inayostahili kuelezwa kwa undani. Katika baadhi ya kompyuta zenye vichakato vya Intel, mpangilio wa hifadhi huwa katika hali ya RAID, inayoambatana na teknolojia ya Intel iitwayo RST. Katika hali hiyo, diski ya aina ya NVMe inaweza kufichwa nyuma ya kidhibiti cha SATA, hivyo BIOS inaiona, Windows inaiona, lakini kisakinishi cha Linux kinaonyesha orodha tupu. Diski haijaharibika wala kiendeshi cha NVMe hakijakosekana. Kumbukumbu ya kerneli, inayosomwa kwa amri ya dmesg, hueleza wazi: kiendeshi cha ahci huandika kwamba kimekuta vifaa vya NVMe vilivyohamishwa, na hushauri BIOS ibadilishwe kutoka RAID kwenda AHCI.

Ushauri huo haupaswi kutekelezwa kwa pupa. Windows iliyosakinishwa wakati hali ya RAID ikitumika inaweza kushindwa kuwaka baada ya badiliko hilo isipoandaliwa kwanza, na diski iliyofungwa kwa BitLocker inaweza kudai ufunguo wa urejeshaji ambao mwenye kompyuta hanao. Mahali ambapo Windows inabaki sambamba na Linux, nakala ya data na ufunguo huo vinapaswa kupatikana kabla BIOS haijaguswa.

3.2 Kifaa Kinaonekana, Hakina Kiendeshi

Amri ya lspci ikiongezewa vigezo -nn na -k huonyesha namba za kila kifaa pamoja na kiendeshi kinachokihudumia. Kifaa kinachoonekana bila mstari wa kiendeshi kinachotumika kimekwama katika hatua ya pili. Sababu kuu ni tatu.

Sababu ya kwanza ni kerneli kuwa ya zamani kuliko kifaa. Kadi ya Wi-Fi ya Realtek RTL8852BE, yenye namba 10ec:b852, ni mfano mzuri. Kiendeshi chake kiliingia katika kerneli toleo la 6.2, wakati Debian 12 iliyotoka mwaka 2023 ilikuja na kerneli 6.1. Kadi nzima kabisa ilionekana kwa namba yake na kubaki bila mhudumu. Tiba ni kutumia kisakinishi chenye kerneli mpya zaidi. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 ina kerneli 6.12. Kutokana na hali hiyo, kompyuta ya mtumba ya miaka kumi inaweza kusakinishika kwa urahisi kuliko kompyuta mpya iliyotoka dukani, kwa kuwa viendeshi vya ile ya zamani vimekwisha kukomaa ndani ya kerneli.

Sababu ya pili ni kiendeshi kukataliwa. Kompyuta nyingi za sasa zina kinga ya UEFI iitwayo Secure Boot, inayoruhusu tu programu zenye saini inayotambulika. Viendeshi vilivyomo katika kerneli ya Debian au Ubuntu vina saini hiyo. Kiendeshi kilichojengwa na mtumiaji mwenyewe, kama vile wl cha Broadcom, hakina saini hadi ufunguo wa mtumiaji usajiliwe. Jaribio la kukipakia hukataliwa kwa ujumbe unaotaja ufunguo. Fundi asiyeusoma ujumbe huo huweza kukisakinisha kiendeshi kilekile mara tatu akidhani kimeharibika.

Sababu ya tatu ni kifaa kujitambulisha kama kitu kingine. Modemu za USB za Huawei, zilizouzwa kwa wingi na kampuni za simu za Afrika Mashariki, ni kielelezo. Zinapochomekwa, nyingi hujionyesha kwanza kama CD yenye programu za Windows, aghalabu kwa namba 12d1:1446. Kompyuta imeziona na imezipatia kiendeshi, lakini ni kiendeshi cha CD. Programu ya usb_modeswitch huzitumia amri ya kugeuka, nazo hujitokeza upya kwa namba nyingine kama modemu. Kwa hiyo, kauli kwamba kompyuta "inaisoma kama CD" si ya kubezwa. Ndiyo maelezo sahihi ya hali ilivyo. Ikumbukwe kwamba kisakinishi cha Debian hakina uwezo wa kuunganisha modemu za aina hii, hivyo hufaa kutumiwa baada ya usakinishaji kukamilika.

3.3 Kiendeshi Kipo, Fimuwea Haipo

Hii ndiyo hitilafu inayowakumba zaidi watumiaji wa kadi za Wi-Fi, na historia yake ni ya kisera kuliko ya kiufundi. Fimuwea nyingi hutolewa na watengenezaji bila msimbo chanzo. Mradi wa Debian, unaoshikilia misingi ya programu huria, kwa miaka mingi uliziweka fimuwea hizo nje ya visakinishi vyake rasmi. Mtumiaji aliletewa dirisha linalotaja jina la faili lililokosekana na kuombwa alilete kwa flashi. Baada ya kura ya wanachama wake mwaka 2022, mradi uliamua kuzijumuisha, na tangu Debian 12 iliyotoka tarehe 10 Juni 2023, visakinishi rasmi hubeba fimuwea za kadi nyingi. Kadi kama Intel Centrino Advanced-N 6205, inayohitaji faili la iwlwifi-6000g2a-6.ucode, ilikuwa kero katika visakinishi rasmi vya awali na sasa hupita bila kelele.

Matokeo ya kivitendo ni kwamba umri wa flashi una maana. Flashi ya usakinishaji iliyoandaliwa kwa Debian 11 au toleo la nyuma zaidi, ikazunguka kwa mafundi kadhaa, inaweza kuonyesha kosa ambalo limekwisha kutatuliwa katika toleo jipya. Hata hivyo, mabadiliko hayo hayakumaliza tatizo lote, kama sehemu ya 5.0 inavyoonyesha.

3.4 Kifaa Kiko Tayari, Kimefungwa

Hitilafu ya nne ndiyo nyepesi kuliko zote, na kwa sababu hiyo husahaulika. Kompyuta mpakato nyingi za zamani zina swichi ndogo ya pembeni inayozima mawimbi ya redio. Amri ya rfkill huonyesha kama kadi imefungwa, na kama imefungwa kwa programu au kwa swichi. Kufuli la programu hufunguliwa kwa amri hiyohiyo. Kufuli la swichi halifunguki kwa amri yoyote. Hufunguliwa kwa kidole.

4.0 Utaratibu Unaopendekezwa kwa Mazingira Yasiyo na Intaneti ya Uhakika

Maelekezo mengi ya kutatua matatizo haya huanza kwa kumtaka mtumiaji apakue kitu. Katika hali ambayo kifaa kinachokosekana ni kadi ya mtandao, ushauri huo hujizungusha wenyewe: intaneti inahitajika ili intaneti ipatikane. Kufika kwa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mikoani hakubadilishi hali hiyo, kwa kuwa mkongo hauna msaada kwa kompyuta ambayo kadi yake haijaamka. Utaratibu ufuatao umepangwa kwa kuzingatia gharama, kuanzia hatua isiyogharimu kitu.

Kwanza, ithibitishwe kwamba flashi yenyewe ni nzima. Umeme ukikatika au kompyuta ikizimika wakati flashi inaandikwa, kisakinishi kinaweza kuwaka na kisha kushindwa kupata mafaili yake, na kosa hilo hufanana na kosa la maunzi. Faili lililopakuliwa lilinganishwe na alama yake ya uhakiki ya SHA256 kabla ya kuandikwa. Iwapo kisakinishi hakiioni flashi kilikotokea, ibadilishwe tundu la USB, kisha iandikwe upya kwa njia inayonakili taswira nzima badala ya kufumua mafaili yake.

Pili, BIOS ikaguliwe: je, diski inaonekana, kadi ya mtandao haijazimwa, hifadhi iko katika hali ya AHCI au RAID, na Secure Boot imewashwa au la? Swichi ya Wi-Fi ikaguliwe katika hatua hiyohiyo.

Tatu, kisakinishi kiwashwe na kosa liachwe litokee, kisha ushahidi ukusanywe. Katika kisakinishi cha Debian, vitufe vya Ctrl, Alt na F2 hufungua dirisha la amri. Katika Ubuntu inayowaka kutoka kwenye flashi, dirisha hilo hupatikana kama programu ya kawaida. Amri za lspci -nn -k na dmesg hutosha kubainisha hatua ambayo kifaa kimekwamia. Namba za kifaa na jina la faili linalokosekana viandikwe kwenye karatasi kama vilivyo, herufi kwa herufi.

Nne, baada ya kujua kinachokosekana, na si kabla yake, intaneti itafutwe. Njia iliyo karibu zaidi na watu wengi ni simu ya Android iliyounganishwa kwa kebo ya USB na kuruhusiwa kugawa mtandao wake. Kwa Linux, simu hiyo hujitokeza kama kadi ya mtandao wa waya, na viendeshi vyake, kama vile rndis_host, vimo katika visakinishi vikuu. Njia hii huivuka kadi ya Wi-Fi yenye matatizo bila kuhitaji kifaa kipya. Fundi ahakikishe tu kwamba kebo anayotumia inapitisha data, kwa kuwa baadhi ya kebo za bei nafuu zimetengenezwa kwa kuchaji peke yake.

Tano, kifurushi cha data kitumike kwa hesabu. Kisakinishi kidogo cha Debian kiko chini ya GB 1, lakini hupakua sehemu kubwa ya mfumo wakati wa kazi, na hurudia upakuaji huo kwa kila kompyuta. Taswira ya Ubuntu 24.04 ya kompyuta za mezani ina takriban GB 6, lakini hupakuliwa mara moja na kutumika kwa kompyuta zote. Kwa maabara ya shule yenye kompyuta kumi, njia inayoonekana ya bei nafuu siku ya kwanza ndiyo inayoweza kuwa ghali kufikia siku ya mwisho.

5.0 Mfano wa Uchambuzi: Kadi ya Broadcom BCM4312

Kadi ya Wi-Fi ya Broadcom BCM4312, yenye namba 14e4:4315, ilitumika katika kompyuta mpakato nyingi za Dell na HP za mwishoni mwa muongo wa 2000, yaani kompyuta za aina ambayo bado huzunguka katika soko la mtumba. Inafaa kuchambuliwa kwa sababu inapinga dhana kwamba toleo jipya la Linux hutatua kila kitu.

Fundi anayesakinisha Debian 12 au 13 kwenye kompyuta hiyo hatapata orodha ya mitandao ya Wi-Fi. Kwa lugha ya kawaida, kompyuta haisomi Wi-Fi. Kwa mlolongo uliofafanuliwa, uchunguzi huenda hivi. Amri ya lspci inaitaja kadi kwa namba 14e4:4315. Kwa hiyo kadi inaonekana na haijafa. Vigezo vya -k vinaonyesha kiendeshi cha b43-pci-bridge kikitumika. Kwa hiyo hatua ya pili imepita. Kumbukumbu ya dmesg inaonyesha kwamba faili la b43/ucode15.fw halikupatikana, kwa hiyo hitilafu iko katika hatua ya tatu. Ujumbe huo huendelea kumwelekeza mtumiaji aende kwenye tovuti akapakue fimuwea, agizo ambalo kompyuta hiyo haiwezi kulitekeleza ikiwa Wi-Fi ndiyo njia yake pekee.

Sababu ya faili hilo kutokuwamo, hata katika visakinishi vinavyobeba fimuwea, ni kwamba Broadcom haikutoa ruhusa kwa wengine kulisambaza. Debian huweza kusambaza tu pakiti ya programu inayolipakua faili kutoka chanzo chake na kulichambua kwenye kompyuta ya mtumiaji. Hivyo, badiliko la sera la mwaka 2022 halikuigusa kadi hii. Kikwazo chake ni cha leseni.

Tiba ni ya mara moja. Kompyuta yoyote yenye Linux na intaneti hutumika kulipata faili na kulichambua kwa programu ya b43-fwcutter. Saraka ya b43 inayotokana na kazi hiyo huhifadhiwa kwenye flashi, na tangu hapo hunakiliwa ndani ya /lib/firmware ya kila kompyuta yenye kadi ya aina hiyo. Kiendeshi kikiondolewa na kupakiwa tena kwa modprobe, mitandao hujitokeza. Fundi mwenye flashi ya namna hiyo ameyamaliza matatizo ya kadi hiyo bila kununua data tena, na mteja hajaagiza kadi mpya.

Mfano huu unaonyesha pia gharama ya utambuzi wenye makosa. Aliyedhani kadi imekufa angeagiza nyingine. Aliyedhani kiendeshi hakipo angejaribu kujenga wl, akahitaji mafaili zaidi ya kupakua na pengine akakwama kwenye Secure Boot iwapo kompyuta inayo. Aliyedhani Linux ni ya zamani angepakua taswira nyingine ya GB kadhaa na kukuta kosa lilelile. Wote watatu wangekuwa wametumia fedha kujibu swali ambalo mistari mitatu ya ushahidi ilikuwa imekwisha kulijibu.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba utambuzi wa maunzi katika Linux hupitia hatua nne, na kwamba kila hatua inapokwama huacha alama yake katika kumbukumbu za kerneli. Ugumu wa kutatua matatizo haya hautokani na Linux kukosa maelezo, bali na maelezo hayo kupokelewa kwa neno moja lisilotofautisha.

Inapendekezwa, kwanza, kwamba mafunzo ya matengenezo ya kompyuta yanayotolewa kwa Kiswahili yatumie kauli nne badala ya moja: kifaa hakionekani, kifaa hakina kiendeshi, kifaa hakina fimuwea, kifaa kimefungwa. Kauli hizo ni za Kiswahili cha kawaida, na kila moja hubeba ndani yake hatua inayofuata. Pili, mafundi wa maeneo yaliyo mbali na masoko makuu wajiwekee hazina ya pamoja yenye taswira za kisakinishi zilizohakikiwa, fimuwea za kadi zinazojulikana kwa usumbufu, na daftari la namba za vifaa walivyokwisha kuvitatua. Namba moja iliyoandikwa vizuri huwaokoa wengine wasirudie kazi ileile. Tatu, shule na ofisi zinazopanga kuziondoa kompyuta zilizoachwa na Windows 10 zidai, kabla ya uamuzi huo, maelezo ya maandishi kuhusu hatua ambayo kila kifaa kimekwamia.

Kompyuta inayohukumiwa kwa neno "haisomi" huenda inakosa faili dogo kuliko picha moja ya simu. Kuibaini tofauti hiyo hakuhitaji maabara wala kipuri kutoka mbali. Kunahitaji swali liulizwe kwa mpangilio, na jibu lisomwe hadi mwisho.